Ndege ya msimu kutoka Frankfurt hadi Portland: tukae wapi na mama mkwe na watoto?

Swali: “Shikamoo. Sisi tunaishi Nürnberg, na Julai tunataka kwenda Portland, Oregon, kumwona kaka yangu. Tuko mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 6, mdogo wake wa miezi 14 ambaye tutampakata, na mama mkwe wa miaka 68 anayesumbuliwa na magoti. Pasi na visa ziko tayari. Nimeona safari ya shirika la Condor ya moja kwa moja kutoka Frankfurt, ya majira ya joto tu, na bei yake ni nzuri kuliko ya kupitia Amsterdam. Lakini marafiki wananitisha: viti vimebanana, chakula kidogo, kila kitu kinalipiwa. Tuichukue? Tukae viti gani? Na hilo daraja la Premium linamfaa mama au ni kupoteza pesa?”

Marahaba, mwanangu. Ichukueni. Kwa familia yenye mzee wa magoti na mtoto wa kupakatwa, safari moja ya saa 10 na ushei ni afadhali kuliko mbili zenye kukimbizana katikati. Ila kabla hujafungua ramani ya viti, fungua ratiba. Miaka niliyokaa kwenye kaunta ya tiketi nimeona watu wengi wakibishana juu ya kiti cha dirishani, halafu wasiulize kama ndege yao ikiharibika, nyingine ya njia hiyo itaruka lini. Kwenye safari za msimu hilo ndilo swali la kwanza.

Mwaka wa mashirika ya ndege umegawanyika misimu miwili. Ule wa majira ya joto huanza Jumapili ya mwisho ya Machi na kuisha Jumamosi inayotangulia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Uliobaki ni wa baridi. Njia kama Frankfurt–Portland, au zile za Anchorage na Whitehorse, huishi ndani ya msimu wa joto, kwa kuwa abiria wake wengi ni wa mapumziko: Mjerumani anayekwenda kupanda milima ya Oregon, Mmarekani anayetaka kuiona Bavaria. Baridi ikiingia abiria hao hupungua, na ndege hupelekwa penye jua: Karibi, Mauritius, na kwetu pia. Condor na Discover, shirika la mapumziko la kundi la Lufthansa, zote huleta watalii Mombasa na Zanzibar, kwa hiyo ndege inayotua Zanzibar Januari yaweza kuwa ileile itakayowapeleka ninyi Oregon.

Shirika la namna hii linaishi kwa kuitumikisha kila ndege iliyo nayo. Julai na Agosti ni nadra kukuta ndege iliyoegeshwa tu ikisubiri dharura. Ya leo ikichelewa, ya kesho inaanza siku ikiwa na deni. Na njia yenyewe hairuki kila siku. Mara nyingi ni siku chache tu kwa wiki. Yenu ikifutwa, inayofuata inaweza kuwa baada ya siku 2 au 3, nayo imeshajaa watu wake. Njia nzima inaweza pia kuondolewa. Kwa majira ya joto ya 2025, Condor iliacha miji kadhaa ya Amerika Kaskazini, ikiwemo Minneapolis, Baltimore, Phoenix, Halifax na Edmonton, baada ya mvutano wake na Lufthansa juu ya abiria wa kuunganisha. Ndege za Lufthansa ndizo zilizokuwa zikiikusanyia abiria kutoka miji mingine ya Ulaya na kuwaleta Frankfurt; bila wao, baadhi ya njia hazikujaa tena.

Kwa hiyo fungua ratiba ya mwezi mzima, uandike siku ambazo ndege inatoka Portland, kisha uchague siku ya kurudi ambayo ina nyingine karibu nyuma yake. Acheni siku 2 au 3 kati ya siku ya kurudi na siku ya kuingia kazini. Jambo jingine la kwenu Bavaria: likizo za shule huanza karibu na mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti. Kama binti bado hajaanza darasa la kwanza, ondokeni mwanzoni mwa Julai, kabla majirani zenu wote hawajafunga masanduku.

Sasa haki zenu, maana kwa safari hii zina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda kila anayeondoka kwenye uwanja wa Ulaya, hata akiwa na shirika la nje. Ukiwa unarudi Ulaya kutoka nje, inakulinda pale tu ndege inapoendeshwa na shirika la Ulaya. Condor ni ya Ujerumani, kwa hiyo mna kinga kwenda na kurudi. Ukipitia Amsterdam na ndege ya kutoka Portland ikawa inaendeshwa na shirika la Kimarekani, kinga ya kurudi hamna. Hilo peke yake lina thamani ya pesa.

Mkifika zaidi ya saa 4 baada ya muda wa tiketi, na kosa ni la shirika, fidia ni euro 600 kwa kila abiria, kwa sababu umbali unazidi kilomita 3,500. Hitilafu ya mashine kwa kawaida haihesabiwi kuwa udhuru. Mahakama ya Ulaya imeshalisema hilo zaidi ya mara moja. Dhoruba, au uwanja kufungwa, ni udhuru, na hapo fidia haipo. Lakini chakula na hoteli mnastahili hata kama chanzo ni dhoruba, wala usikubali kuambiwa kinyume.

Kitakachokukuta kwa urahisi zaidi ni barua pepe ya miezi kadhaa kabla, ikisema “saa za safari yako zimebadilika,” na chini yake kitufe cha kukubali. Usikibonyeze kwa haraka. Siku ikihamishwa, kwa kawaida hiyo huhesabiwa kuwa kufutwa kwa safari. Na tangu hukumu za mahakama ya Ulaya za Desemba 2021, hata kuirudisha ndege nyuma kwa zaidi ya saa 1, yaani iondoke mapema kuliko mlivyopangiwa, huhesabiwa vivyo hivyo. Mkijulishwa zaidi ya siku 14 kabla ya safari, fidia hakuna, lakini bado uchaguzi ni wenu: kurudishiwa nauli yote, au kupelekwa kwa njia nyingine, hata kwa ndege ya shirika jingine. Piga simu ukiwa umeshatafuta mwenyewe safari mbadala yenye nafasi, na umtajie mhudumu namba yake. Anayepiga simu na safari mkononi humalizwa haraka kuliko anayeuliza “sasa mnatusaidiaje?” Brussels kumekuwa na mjadala wa kuibadilisha kanuni hii, kwa hiyo isome tena wiki moja kabla ya kuondoka.

Tuje kwenye viti. Hofu ya marafiki zako ni ya kweli kwa ndege fulani na si ya kweli kwa nyingine, na jina la shirika peke yake halitoshi kukuambia. Kuanzia mwisho wa 2022 Condor ilianza kubadilisha zile Boeing 767 zake za zamani kwa Airbus A330-900. Ndani yake kuna viti 310: 30 vya daraja la biashara, 64 vya Premium na 216 vya kawaida. Safu ya kawaida ina viti 8: 2 upande wa kushoto, 4 katikati, 2 upande wa kulia. Mwili wa A330 ulibuniwa kwa mpangilio huo, na kila kiti kinapata upana wa sentimita 46 hivi. Baadhi ya A330 za Air Transat ya Kanada zimebanwa viti 9 ndani ya mwili huohuo, 3-3-3, na abiria wa kawaida anabaki na sentimita 42 au zaidi kidogo. French bee ya Ufaransa inaweka viti 10 kwa safu kwenye A350, pale ambapo mashirika mengi huweka 9. Tofauti ya vidole viwili inaonekana ndogo kwenye karatasi. Baada ya saa 7, bega la jirani likiwa juu ya lako, ni kitu kingine.

Kwa familia, 2-4-2 ni baraka, kwa sababu watu wawili wanapata dirisha na ujia bila mgeni kati yao. Herufi za safu ni A na C kushoto, D, E, F, G katikati, H na K kulia. Wengi wangekushauri mchukue ile minne ya katikati. Mimi nakushauri mchukue jozi mbili za H na K, safu moja nyuma ya nyingine. Wewe ukae K safu ya mbele na mtoto mapajani, mume wako H. Safu ya nyuma yenu mama mkwe akae H, kwenye ujia, na binti K, dirishani.

Fikiria kinachotokea hapo. Kiti kilicho mbele ya magoti ya mama ni cha mwanawe, naye hawezi kukilaza mgongo bila kumwuliza mama yake. Miguu ya binti, ambayo itapiga kiti cha mbele usingizi ukigoma, inakupiga wewe. Chupa ya maziwa na nguo za kubadilisha zinapita kwenye upenyo kati ya viti vyenu bila mtu kusimama. Mama ana ujia wake: anainuka anapotaka, hamwombi mtu radhi. Kwenye kiti cha H ujia uko mkono wa kushoto, kwa hiyo ni mguu wa kushoto anaoweza kuunyoosha. Kama goti baya zaidi ni la kulia, hamieni A na C kwa mpangilio uleule. Mwambie tu auvute mguu ndani kila asikiapo toroli la chakula, maana wahudumu hulisukuma wakiwa hawaioni sakafu iliyo mbele yake.

Kama magoti yote ni sawa, upande wa kulia una faida nyingine. Kwenda, ndege inaruka kuelekea magharibi alasiri, jua likiwa kusini, yaani kushoto, karibu njia nzima. Kurudi, inaruka usiku kuelekea mashariki kupitia kaskazini ya mbali, na mwezi wa Julai huko mwanga haupotei kabisa upande wa kaskazini, ambao safari hiyo nao ni kushoto. H na K zina kivuli kwenda na kurudi, na mtoto wa miezi 14 analala kwenye kivuli.

Msikubali safu ya mbele kabisa, ile inayotazamana na ukuta, hata mkipewa bure. Kitanda kidogo kinachofungwa ukutani kina kikomo cha uzito na urefu, na mtoto wa miezi 14 mara nyingi ameshakipita. Meza za viti hivyo hukunjwa ndani ya mikono ya kiti, kwa hiyo mikono hainyanyuki na mtoto hawezi kulazwa juu ya viti viwili. Na hakuna kiti mbele cha kuwekea begi chini yake. Wakati wa kuruka kila kitu kinapanda juu, pamoja na nepi. Safu za milango ya dharura msizifikirie, haziruhusiwi kwa watoto wala kwa mtu anayehitaji msaada wa kutembea. Mwisho kabisa wa ndege, mwili unaposinyaa, zile 4 za katikati huwa 3. Kunavutia kwa macho, lakini hapo ndipo penye foleni ya choo na mlio wa jikoni. Safu 5 au 6 mbele ya vyoo ndizo zinazomfaa mama.

Unapochagua kwenye tovuti, mfumo unaweza kukukatalia viti fulani kwa sababu ya mtoto. Si ubabe. Barakoa za oksijeni za ziada, kwa ajili ya mtoto wa kupakatwa, hutegemea idadi iliyofungwa juu ya kila kundi la viti, na haiwezekani watoto wawili wa kupakatwa wakutane penye ya ziada moja. Ukikataliwa, piga simu mapema.

Kuhusu Premium. Kwenye A330-900 ya Condor, daraja hilo linatumia mpangilio uleule wa 2-4-2. Upana wa kiti hauongezeki. Kinachoongezeka ni nafasi ya miguu, mgongo unaolala zaidi, chakula bora na mzigo. Kwenye A330 za Discover, daraja lenye jina karibu lilelile ni la 2-3-2, kiti kipana cha aina nyingine kabisa. Jina moja, bidhaa mbili. Kwa magoti, nafasi ya miguu ndiyo dawa, kwa hiyo sisemi Premium ya Condor ni kupoteza pesa. Nasema haina maana mama akae peke yake mbele ya pazia na wajukuu wako nyuma, na kuwalipia wote ni pesa nyingi. Kwa mpangilio niliokupa, mwanawe akiwa mbele yake, mama anapata sehemu kubwa ya faida hiyo kwa ada ya kuchagua kiti tu. Hiyo ada ilipeni. Ukisubiri upangiwe bure, ndege ya Julai imejaa, na familia hutawanywa. Mtoto atawekwa na mzazi mmoja, mama mkwe ndiye atakayejikuta katikati ya wageni.

Mkiamua kumnunulia Premium hata hivyo, mnunulieni ya kurudi, ambayo ni ya usiku, na mmoja wenu akae naye. Tunzeni risiti. Shirika la Ulaya likimshusha abiria daraja kwenye safari ndefu kama hii, linapaswa kumrudishia asilimia 75 ya bei ya kipande hicho cha safari. Lakini kiti cha kawaida chenye nafasi zaidi ya miguu, kinachouzwa kama nyongeza, si daraja. Hapo unarudishiwa nyongeza peke yake.

Kushushwa huko hutokea hasa pale shirika linapokodi ndege nzima pamoja na marubani na wahudumu wake. Hi Fly ya Ureno na Wamos ya Hispania zinafanya biashara hiyo, na kila kiangazi cha Ulaya ndege zao huonekana zikifanya safari za wengine. Sheria ya Ulaya inataka mwambiwe ni nani anayeendesha ndege yenu. Ukiona kwenye tiketi neno la kuwa safari inaendeshwa na shirika lingine, tafuta ramani ya viti ya ndege hiyo mpya siku hiyohiyo, kwa sababu namba zenu za viti zinaweza kuangukia mahali pengine kabisa.

Magoti ya mama yanataka mambo mawili zaidi. La kwanza, agiza kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla. Ulaya huduma hiyo ni bure kwa sheria, na Frankfurt ni uwanja wa kutembea sana. La pili, asikae tu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kuwa safari ya saa 4 au zaidi huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda miguuni. Hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000, lakini umri na kutotembea huiongeza. Ndiyo maana nimemweka kwenye ujia. Anyanyuke kila baada ya saa moja na nusu hivi, achezeshe vifundo vya miguu akiwa ameketi, anywe maji, na amwone daktari wake kabla ya safari kama ana presha au aliwahi kufanyiwa upasuaji wa goti.

Chakula ni jambo dogo. Tarajieni mlo mmoja wa moto na kitu chepesi kabla ya kutua. Mnaotaka halali au chakula cha kisukari, agizeni mapema na mthibitishe, kwa kuwa mashirika ya mapumziko hayana kila aina na mengine hulipisha. Chapati na maandazi yapite begini bila wasiwasi. Maziwa na uji wa mtoto unaruhusiwa kuvuka ukaguzi hata ukizidi mililita 100. Maembe na nyama ya kukausha ya kumpelekea kaka viliwe kabla ya Portland. Forodha ya Marekani haina mchezo na matunda na nyama, na asiyetangaza anaweza kutozwa faini.

Lipeni kwa kadi ya mkopo. Mashirika ya bei nafuu ya kuvuka Atlantiki yamekufa mengi: Primera Oktoba 2018, WOW ya Iceland Machi 2019, PLAY Septemba 2025. Condor yenyewe ilibaki ikiruka mwaka 2019 wakati mzazi wake, Thomas Cook, alipofilisika, kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali. Sikutishi juu yake. Kadi ya mkopo inakupa mlango wa kudai pesa benki. Uhamisho wa kawaida haukupi.

Bado kuna treni ya kutoka Nürnberg, saa 2 na nusu hivi hadi uwanja wa Frankfurt ikienda vizuri. Angalia kama Condor inakuuzia tiketi ya treni pamoja na ya ndege, kisha mpande inayotangulia ile mliyodhani inatosha. Ukiona nauli imekubalika, andika kwanza namba ya safari na aina ya ndege iliyoonyeshwa, piga picha ya ramani ya viti siku unayolipia, na uifungue tena mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, na asubuhi ya kuondoka. Ikibadilika hata mara moja, nipigie kabla hujakubali chochote.